Kabla Hujapiga Selfie na Mche, Uliza Mti Huo Utakunywa Maji ya Nani

Mvua ikianza tu, unajua kitakachofuata. Waheshimiwa wanavaa gambuti mpya, kampuni zinachapisha fulana za kijani, na status za WhatsApp zinajaa picha za watu wamechuchumaa kando ya mche wenye majani manne. Novemba 13, 2023 serikali ilitupa likizo nzima ya kupanda miti. Mei 10, 2024, baada ya mafuriko kuua watu na kusomba nyumba mitaani, tukapewa likizo nyingine: kuomboleza na kupanda miti siku hiyo hiyo. Shabaha ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili miti ifunike asilimia 30 ya nchi.

Sina ubaya na miti, na nchi hii inaihitaji. Tathmini ya kitaifa ya mwaka 2021 ilipata kwamba miti imefunika asilimia 12.13 ya nchi, na misitu yenyewe asilimia 8.83. Lakini kwenye hizo hotuba za kupanda miti kuna swali husikii likiulizwa: ni mti gani huo, unapandwa wapi, na mahali hapo palikuwa na nini kabla?

Swali hilo ni zito kwa sababu msitu wa kupandwa, ule unaoona miti imejipanga mistari kama mahindi, unaweza kupunguza maji ya mto. Ukikaa mahali pasipofaa, unaweza kuukausha kabisa. Hizi si stori za kijiweni. Ni jambo limepimwa Afrika Kusini tangu 1935, na hata hapa kwetu lilipimwa kabla ya Uhuru.

Na usiseme hiyo ni habari ya watu wa ushago. Wewe unayeishi Nairobi, unayepanga foleni na mitungi kila mfereji ukigoma, maji yako yanatoka milima ya Aberdare. Yanayofanyika kwenye vilele vile yanaishia kwenye ndoo yako, au hayafiki.

Mti unakunywaje?

Tuanze na hesabu rahisi. Mvua ikinyesha mlimani, maji yana njia chache za kwenda. Mengine yananaswa juu kwenye majani na kurudi hewani kabla hata hayajagusa ardhi. Mengine yanaingia udongoni, mizizi inayavuta, na mti unayatoa tena kwa majani kama mvuke. Yanayobaki ndiyo yanayoshuka chini polepole, yanalisha chemchemi, na mto unaendelea kutiririka hata Februari jua likiwaka.

Sasa linganisha nyasi na msitu wa kupandwa. Nyasi mizizi yake ni mifupi. Kiangazi kikifika zinakauka na kulala, hazinywi tena. Mkaratusi haulali. Uko kijani mwaka mzima, mizizi yake inazama chini sana, na kwa kuwa unakua haraka unahitaji maji mengi kuunda mbao hizo. Paini na saiprasi nazo zina majani mwaka mzima yanayonasa mvua nyingi juu kwa juu.

Hapa kuna jambo wanaotetea mikaratusi hulisema, na ni kweli: ukipima maji kwa kila kilo ya mbao, mkaratusi haupotezi. Unatumia maji vizuri kuliko mimea mingi. Shida ni kwamba unatengeneza kilo nyingi kwa muda mfupi, na ekari moja inabeba miti kibao. Ni kama gari linalokunywa mafuta kidogo kwa kilomita, lakini linaendeshwa usiku na mchana bila kupumzika. Mwisho wa mwezi bili ni ile ile, au imezidi.

Kijito kilichokauka mwaka wa tisa

Mfano unaoeleweka upesi zaidi unatoka Mokobulaan, jimbo la Mpumalanga, Afrika Kusini. Watafiti walichukua mabonde madogo yaliyokuwa na nyasi, wakapanda mikaratusi bonde moja na paini bonde jingine, kisha wakakaa kupima vijito. Bonde la mikaratusi, kijito kilikauka kabisa mwaka wa tisa baada ya kupanda. Bonde la paini, kijito kilikauka mwaka wa 12.

Sehemu ya pili ndiyo inayonishtua. Mikaratusi ilikatwa ikiwa na umri wa miaka 16. Ungedhani maji yangerudi msimu uliofuata, sivyo? Yalichukua miaka mitano kabla kijito kutiririka tena mwaka mzima. Mizizi ilikuwa imekausha akiba ya maji kule chini ardhini, na mvua ilibidi ijaze akiba hiyo kwanza ndipo kijito kipate chake.

Huo si mfano wa mahali pamoja tu. Mwaka 2005 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Robert Jackson na wenzake, uliokusanya vipimo kutoka sehemu nyingi duniani ambako nyasi, vichaka au mashamba yaligeuzwa misitu ya kupandwa. Kwa wastani maji ya mito yalipungua kwa asilimia 52. Asilimia 13 ya vijito vilikauka kabisa kwa angalau mwaka mmoja. Kumbuka hiyo asilimia 13 mtu akikuambia kwamba kila mti unaopandwa unaleta maji.

Afrika Kusini waliyachukua matokeo hayo wakayaingiza kwenye sheria. Tangu 1972 mtu anayetaka kupanda msitu wa biashara alihitaji kibali. Sheria yao ya maji ya 1998 ikaenda mbali zaidi: ikautaja msitu wa biashara kama shughuli inayopunguza maji ya mto, inayohitaji leseni ya maji sawa na mtu anayechota kwa pampu. Na Cape Town ilipokaribia kuishiwa na maji mwaka 2018, moja ya hatua zilizochukuliwa ilikuwa kukata miti. Ndiyo, kukata. Paini na miti mingine ya kigeni iliyojisambaza milimani juu ya mabwawa ya jiji ilikadiriwa na shirika la The Nature Conservancy kuwa inameza lita bilioni 55 kwa mwaka, maji ya kutosha jiji lile kwa takriban miezi miwili.

Na hapa kwetu je?

Hapa ndipo lazima tuwe wakweli, kwa sababu picha ya Kenya haifanani moja kwa moja na ya Mokobulaan.

Miaka ya 1950, watafiti wa kituo cha Muguga walifanya jaribio kule Kimakia, milima ya Aberdare, upande ule ule unaolisha Nairobi maji. Walifyeka mianzi ya asili kwenye bonde moja, wakapanda paini, na wakaacha bonde jingine na mianzi yake ili walinganishe. Miaka ya mwanzo, paini zikiwa ndogo na mboga zikilimwa katikati yake, maji mengi zaidi yalitoka kwenye bonde. Paini zilipokomaa na matawi kugusana, zikawa zinatumia maji karibu sawa na mianzi iliyokuwepo.

Umeona tofauti? Mokobulaan walipanda juu ya nyasi. Kimakia walipanda palipokuwa na mianzi, ambayo nayo inakunywa. Ndiyo maana swali la kwanza lazima liwe palikuwa na nini kabla. Ukigeuza mbuga ya nyasi kuwa shamba la mikaratusi, jiandae kwa mto mwembamba. Ukipanda kwenye kilima kilichokwisha kuwa kipara, udongo umeshikana kama lami, mvua inateleza tu juu kwa juu, miti inaweza kuufungua udongo huo na maji yakaanza tena kuzama.

Hata idadi ya miti ina kazi yake. Utafiti uliochapishwa 2016 kutoka Burkina Faso ulionyesha kwamba kwenye maeneo makavu, miti ya wastani, iliyoachana nafasi, ndiyo inayojaza maji ya ardhini kuliko ardhi tupu na kuliko msitu uliobanana. Bila miti kabisa, maji hayazami. Miti ikizidi, inayanywa yote. Hiyo ni habari muhimu kwa nchi ambayo sehemu yake kubwa ni kame na imeahidi miti bilioni 15.

Sasa, kama paini za Kimakia zilitumia maji sawa na mianzi, mbona tusipande tu paini Aberdare na Mau yote? Kwa sababu mianzi haikatwi yote siku moja. Msitu wa kupandwa ni zao. Unapandwa, unakomaa, unakatwa wote, ardhi inabaki uchi, halafu mvua kubwa inakuja. Udongo unashuka mtoni na kutulia ndani ya mabwawa. Uliza watu wa Masinga kuhusu matope yanayojaa bwawa lao. Msitu wa asili una tabaka nyingi: miti mirefu, mifupi, vichaka, majani yaliyooza chini kama godoro. Hilo godoro ndilo linalopokea mvua taratibu. Chini ya mikaratusi iliyobanana mara nyingi hukuti mengi yanayoota.

Wangari Maathai alilielewa hili mapema. Katika kitabu chake Unbowed anaeleza mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe, Nyeri, ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na kijito kilichoanzia karibu na hapo. Baadaye akiwa msomi akaelewa kazi ya mizizi ile mirefu: kupasua mwamba na kufungulia maji njia ya kutokea. Wazee hawakuwa na grafu, lakini walijua mti upi wa kuachwa.

Nani alitupandia mikaratusi yote hii?

Mkaratusi si wa kwetu. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa sababu reli ya Uganda ilihitaji kuni za treni. Treni zikaacha kuni kitambo, lakini miti ikabaki na kupata wateja wapya.

Wateja hao ni akina nani? Angalia dirishani. Ghorofa linalojengwa mtaani kwako, zile nguzo zinazoshikilia slabu hadi saruji ikauke, nyingi ni mikaratusi. Nguzo ya stima nje ya ploti yako ni mkaratusi. Chai uliyokunywa asubuhi, kuna uwezekano mkubwa majani yake yalikaushwa kwa moto wa kuni za mkaratusi kiwandani. Kwa hivyo kabla ya kumrukia mkulima wa Kisii au Bomet, ujue anapanda kwa sababu wewe na mimi tunanunua.

Na kwake hesabu iko wazi. Mahindi yanataka mbolea, palizi na bahati. Mikaratusi unaipanda, unaiacha, na baada ya miaka michache ni karo ya mtoto. Ukiikata inachipuka tena. Ni benki isiyo na foleni. Hata shamba la mwenye kazi Nairobi, asiyefika nyumbani ila Desemba, linajaa mikaratusi kwa sababu haihitaji mtu wa kuilinda kila siku.

Shida inaanzia pale mikaratusi hiyo inaposhuka hadi ukingoni mwa mto na kwenye chepechepe. Pale mizizi haisubiri mvua. Inakunywa moja kwa moja kutoka kwa akiba ya mto, kiangazi na masika. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliagiza mikaratusi yote iliyo kwenye maeneo hayo ing'olewe. Kanuni za maji nazo zinatambua ukanda wa mto wa kati ya mita 6 na 30 unaopaswa kuhifadhiwa. Miaka hiyo yote imepita na bado Kisii na Nyamira serikali za kaunti zinavutana na wakulima kuhusu miti hiyo hiyo. Amri ilitoka, lakini mkulima hakuambiwa karo itatoka wapi.

Baringo wana somo lao chungu zaidi. Miaka ya 1980 waliletewa mathenge, mti kutoka Amerika, uzuie jangwa na kuwapa kuni. Ukafanya zaidi ya ulivyoagizwa. Ukasambaa, ukameza malisho na njia za kufikia maji, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wenyeji waliishtaki serikali na mbuzi kibogoyo akapelekwa mahakamani kama ushahidi. Watu walicheka. Lakini aliyepoteza malisho hakucheka, na mathenge hadi leo haujaondoka.

Siasa iko wapi hapa?

Misitu ya serikali ya kupandwa, ya saiprasi, paini na mikaratusi, ina kazi halali. Mbao lazima zitoke mahali. Zikikosekana huko, mtu ataingia na msumeno kwenye msitu wa asili. Marufuku ya ukataji iliyowekwa Februari 2018 ilikuwa ya siku 90, ikaongezwa na kuongezwa hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa, na mara watu wakakimbilia mahakamani. Kabla ya hapo, 2022, aliyekuwa naibu wake Rigathi Gachagua alizua joto aliposema mfumo wa shamba unarudi, ule wa wakulima kulima ndani ya msitu huku wakitunza miche.

Katika kelele zote hizo, wengi walibishana kuhusu miti mingapi inakatwa na mingapi inapandwa. Ni wachache waliouliza kuhusu lita. Katiba yenyewe, Kifungu cha 69, inadai miti ifunike angalau asilimia 10 ya nchi. Na mti ni mti kwenye hesabu hiyo. Mkaratusi ulio kwenye chemchemi na mugumo ulio kwenye chemchemi vyote vinahesabiwa sawa, hata kama mmoja unafungulia maji na mwingine unayafyonza.

Halafu kuna pesa za kaboni. Tangu marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya 2023, miradi ya kaboni kwenye ardhi ya jamii inatakiwa kuwapa wenyeji angalau asilimia 40 ya mapato ya kila mwaka. Vizuri. Lakini anayenunua kaboni ananunua uzito wa mti, na mti unaoongeza uzito haraka ndio unaokunywa haraka. Ukiona mradi unaahidi kijiji pesa za miti, basi iulizwe pia bei ya kijito kilicho chini ya kilima.

Wewe ufanye nini? Usiache kupanda. Ila ukialikwa, uliza yale maswali kabla hujashika jembe. Mche huu unaitwaje? Hapa palikuwa na nini? Kuna mto au chemchemi umbali gani? Nani atarudi kuumwagilia mwezi wa nane? Serikali yenyewe ina programu ya JazaMiti inayosaidia kujua mti upi unafaa mahali gani, basi itumie na umwonyeshe huyo mratibu aliyekuja na lori la miche ya aina moja. Kama ni ukingoni mwa mto, sisitiza mianzi, mikuyu na miti mingine ya asili. Kama ni mkaratusi, uende juu mbali na maji, kwenye shamba la kuni lililotengwa. Kama ni mbuga ya nyasi ambayo haijawahi kuwa na msitu, inawezekana jibu sahihi ni kuiacha na nyasi zake.

Na ukimpigia mbunge au MCA kelele kuhusu mgao wa maji, muulize pia nini kimepandwa kule juu maji yanakotoka. Nairobi ilichimba handaki la kilomita 11.8 kuvuta maji zaidi kutoka mito ya Murang'a. Handaki halitengenezi maji. Linabeba tu yale ambayo mlima umekubali kuachilia, na watu wa Murang'a nao wanayangoja hayo hayo.